Kompyuta ya Duka Inajizima na Kujiwasha? Usikubali Ifutwe Kabla Hujajua Inakatikia Wapi

Jumatatu moja, saa mbili kasorobo asubuhi, mama mmoja mwenye saiba Githurai alipigia dawati letu la huduma kwa wateja akiwa na swali moja tu: "Pesa zangu bado ziko?"

Tulidhani ametuma pesa kwa nambari isiyo yenyewe, maana simu nyingi za asubuhi huwa ni hizo. Kumbe shida ilikuwa kompyuta yake ya kaunta, ile anayotumia kuandika malipo yanayoingia kwenye Till. Tangu afungue duka ilikuwa inawaka, inaonyesha nembo, inaanza kupakia, halafu pap! Skrini nyeusi. Nembo tena. Nyeusi tena. Alikuwa amehesabu mara kumi na moja kabla ya kuchoka. Kijana fundi wa jirani alikuwa ameshafika, flashi mkononi, tayari kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya.

"Mama, pesa zako ziko salama," tulimwambia. "Hazikai ndani ya kompyuta."

Akanyamaza kidogo. "Na daftari langu je?"

Hapo ndipo tulimwomba amwambie kijana asubiri kwanza. Daftari lake lilikuwa faili moja la hesabu lenye miezi minane ndani: shule mbili zinazodaiwa pesa za kuprinti, majina ya wateja wa mkopo, karatasi alizonunua, kila kitu. Lilikuwa ndani ya hiyo mashini peke yake. Hakuna nakala popote.

Kusema ukweli, sisi si mafundi wa kompyuta. Kazi yetu ni malipo. Lakini tuna wenzetu wa mitambo wanaoishi na Linux kila siku, na mmoja wao alikaa na mama kwenye simu asubuhi ile. Tumeamua kuandika alichomwelekeza, kwa sababu saiba na maduka mengi siku hizi hutumia kompyuta zilizotoka Uingereza, zile tunaziita ex-UK, zikiwa zimewekwa Ubuntu au Linux Mint. Ni mifumo ya bure, haihitaji kulipiwa leseni, na mashini ya zamani haichoki nayo haraka. Shida ni kwamba ikigoma, mafundi wengi wa mtaani wanajua dawa moja tu: kufuta.

Pesa ziko wapi, na kilicho hatarini ni nini

Mteja akilipa kwa Till, rekodi inaandikwa kwenye mitambo yetu. Kompyuta yako inaweza kugoma wiki nzima na salio lako lisipungue hata shilingi moja. Simu yenye laini ya biashara itaendelea kupokea ujumbe wa malipo, kwa hivyo hakuna haja ya kufunga duka. Chukua kitabu na biro, andika jina, kiasi na ile kodi ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Utaihitaji baadaye.

Kinachoweza kupotea ni kile ulichoandika wewe mwenyewe. Sisi tunajua fulani alikulipa shilingi 1,500. Hatujui zilikuwa za nini, wala kwamba bado anadaiwa 700. Na KRA inakutaka uhifadhi rekodi za biashara kwa miaka 5, haitakuuliza kama kompyuta iligoma.

Kwa hivyo kanuni ya asubuhi kama hiyo ni moja: hakuna anayefuta chochote mpaka faili zako zitoke, na mpaka ujue shida iko kwa vyuma au kwa programu. Kama shida ni vyuma, kufuta hakutasaidia hata kidogo. Utabaki na mashini ileile inayojizima, na daftari limeenda.

Tazama inakatikia wapi

Kompyuta inapowaka hupita hatua, kama wewe unavyofungua duka: kufuli, mlango, taa, halafu mteja wa kwanza. Hatua ambayo inakatikia ndiyo inayokwambia umshuku nani.

Kwanza huamka programu ndogo iliyokaa kwenye bodi kubwa ya ndani, inaitwa BIOS au UEFI. Hiyo ndiyo huonyesha nembo ya Dell, HP au Lenovo na kukagua RAM, kibodi na diski. Haijui chochote kuhusu Linux. Ikiwa mashini inajizima hapa, kabla nembo haijaondoka, Ubuntu hana hatia. Angalia stima, waya, joto, RAM, au hata kile kitufe cha kuwasha, kwa sababu kikinasa ndani kinaweza kuendelea kuzima na kuwasha mashini kikidhani bado unakibonyeza.

Ya pili ni GRUB, mlinda mlango anayechagua mfumo gani uamshwe. Mara nyingi hapiti mbele yako, kwa hivyo huenda hujawahi kumwona. Ukitaka kumwona, shikilia Shift mara tu baada ya nembo kwenye mashini za zamani, au gonga Esc kwenye mpya. Kumbuka huyu, tutarudi kwake.

Kisha inaingia keneli, ambayo ndiyo Linux yenyewe. Linus Torvalds aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na hata simu yako ya Android ina keneli ya Linux ndani, kwa hivyo wewe ni mtumiaji wa Linux hata kama hukuwahi kujua. Keneli ndiyo huchukua usukani wa vyuma vyote: prosesa, diski, skrini. Kazi huongezeka ghafla hapa, na mashini yenye chuma kibovu hupenda kuanguka wakati huu.

Mwisho huja systemd, msimamizi anayeamsha huduma, nyingi kwa wakati mmoja: mtandao, printa, na ile skrini ya kuweka nenosiri.

Sasa fanya hivi. Chukua simu yako, rekodi video ya skrini wakati kompyuta inajaribu kuwaka. Rudia mara tatu. Halafu tazama video polepole, simamisha pale mwishoni kabisa. Tunapenda sana hii mbinu kwa sababu haihitaji ujuzi wowote, na maandishi yanayopita kwa nusu sekunde yanasomeka vizuri ukisimamisha video.

Kama inakatika mahali palepale kila mara, mara nyingi ni programu: apdeti iliyoharibika, dereva wa skrini, au faili lililovurugika. Kama inakatika popote inapotaka, leo kwenye nembo, mara nyingine katikati ya maandishi, mara nyingine baada ya nenosiri, shuku vyuma. Si sheria ya Musa, lakini ndiyo dalili bora utakayopata bila kufungua chochote.

Mama wa Githurai alitutumia video nne kwa WhatsApp. Kila moja ilikuwa na mwisho wake tofauti.

Jaribio la flashi

Hili ndilo jaribio kubwa, na hata yule kijana fundi alikuwa na kifaa chake tayari, alikuwa tu anataka kukitumia vibaya. Flashi yenye Ubuntu inaweza kuwasha kompyuta bila kugusa diski kabisa. Flashi ya GB 8 inatosha. Unaichomeka, unawasha mashini huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia (F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc kisha F9 kwa HP), unachagua flashi. Ukiulizwa, chagua kujaribu, yale maandishi ya "Try Ubuntu". Usiguse "Install". Tunarudia, usiguse.

Kukiwa na uzima kwenye flashi, yaani mashini ikakaa nusu saa bila kujizima, basi vyuma vyako pengine viko sawa na tatizo liko kwenye mfumo uliowekwa kwenye diski, au kwenye diski yenyewe. Na uzuri ni kwamba hapo hapo unaweza kufungua diski yako kama folda ya kawaida na kunakili daftari kwenye flashi nyingine. Fanya hiyo kwanza, kabla ya matengenezo yoyote. Kama diski ilifungwa kwa nenosiri la usimbaji wakati wa kuwekwa, utaulizwa nenosiri hilo. Bila hilo hakuna mtu atakayeifungua.

Ikijizima hata kwa flashi, hapo hakuna mjadala tena. Diski haikuhusika, mfumo haukuhusika. Ni vyuma au stima.

Ya mama ilijizima dakika ya tatu. Kijana akaona mwenyewe. Tunampa heshima, hakubisha, aliweka flashi mfukoni na kuchukua bisibisi.

Ikiwa ni vyuma

Anza na vitu vya bure. Toa mashini kwenye ile ekstensheni inayobeba printa, mashini ya laminesheni, feni na chaja tano za simu, uichomeke ukutani peke yake. Mashini ya laminesheni ikianza kupasha moto huvuta umeme mwingi, na ekstensheni hafifu huwaachia wengine kidogo. Badilisha na waya wa umeme kama una mwingine. Sikiliza feni ya prosesa: kama haizunguki au imejaa vumbi la barabara, mashini itapata joto na kujikata yenyewe ili isiungue.

Kisha RAM. Hii ndiyo tungekaa nayo zaidi, kwa sababu ni rahisi kukagua na watu huiruka. RAM ni vile vibao vyembamba vinavyochomekwa wima ndani ya kompyuta ya mezani. Kila programu inayowaka hupakiwa humo kwanza. Kibao kikiwa na sehemu iliyokufa, keneli inaweka maagizo pale, inayasoma tena yakiwa yamebadilika, inachanganyikiwa, mashini inaanguka. Na kwa kuwa kila ukiwasha vitu hupangwa tofauti kidogo humo ndani, inaanguka mahali tofauti kila mara. Ndiyo maana zile video nne hazikufanana.

Zima mashini, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kwanza, umeme wa mwilini huua vibao. Fungua vishikio viwili vya pembeni, toa vibao vyote, pangusa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu. Mafundi wetu hutumia raba ya penseli, nayo hufanya kazi ukipangusa taratibu na kupeperusha makombo. Rudisha kimoja peke yake mpaka usikie "tak" ya vishikio. Washa. Ikikaa, zima, toa hicho, jaribu cha pili kwenye nafasi ileile. Kompyuta nyingi huwaka na kibao kimoja, polepole, lakini huwaka.

Ukitaka uhakika zaidi kuna programu ya bure ya kukagua RAM, Memtest86+, ambayo kwenye mashini nyingi za Ubuntu iko tayari kwenye orodha ya GRUB. Iache izunguke saa kadhaa, hata usiku mzima. Hata mstari mmoja mwekundu wa kosa ni mwingi.

Kama RAM zote ni safi, waya ni mzima na feni inazunguka, kinachofuata ni pawa saplai, lile sanduku la nyuma linaloingiza stima. Hilo usilifungue kamwe, hata likiwa limechomolewa. Ndani huhifadhi umeme wa kudhuru mtu. Mwambie fundi ajaribu lingine.

Ikiwa ni programu

Hapa ndipo yule mlinda mlango GRUB anarudi. Kisa cha kawaida kwetu ni hiki: kompyuta ilikuwa katikati ya apdeti, stima ikapotea, na keneli mpya ikabaki nusu. Ama apdeti iliisha vizuri lakini keneli mpya haielewani na skrini ya mashini ya zamani. Habari njema ni kwamba Ubuntu kwa kawaida haitupi keneli ya awali. Fungua orodha ya GRUB, chagua "Advanced options for Ubuntu", uone nambari zilizopangwa. Ya juu ndiyo mpya. Chagua nambari ya zamani inayofuata. Watu wengi wanaamka hapo hapo, wanapiga makofi, wanaanza kazi. Wueh, subiri! Nakili daftari kwanza.

Ukiwa ndani kwa keneli ya zamani, fungua terminali uandike amri hizi, moja moja:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Ya kwanza inamalizia apdeti iliyoachwa katikati, ya pili inajaza kilichokosekana, ya tatu inatengeneza upya kile kifurushi kidogo ambacho keneli hutumia kufikia diski, ya mwisho inampa mlinda mlango orodha mpya. Kama ya tatu inalalamika kwamba hakuna nafasi, sehemu ya diski iitwayo /boot imejaa keneli za zamani. Andika df -h /boot uone, kisha sudo apt autoremove --purge uondoe zisizotumika.

Na kama huoni kitu kwenye video isipokuwa nembo ya Ubuntu, kuna pazia. Kwenye orodha ya GRUB bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, futa maneno quiet splash, kisha F10. Maandishi yote yatapita mbele yako. Kama picha hukatika pale tu skrini inapobadilika ukubwa, andika nomodeset mahali pa yale maneno mawili; ikiwaka, dereva wa skrini ndiye mwizi. Mabadiliko haya ni ya mara moja tu, ukiwasha tena yanatoweka, kwa hivyo usiogope. Ukiona mle kwenye mstari kuna panic= na nambari kubwa kuliko sifuri, ondoa pia. Linux ikianguka vibaya kwa kawaida husimama na kuacha ujumbe kwenye skrini. Ile nambari ndiyo inaiambia ijiwashe upya baada ya sekunde hizo, na inakunyima nafasi ya kusoma.

Mashini ikishawaka, journalctl -b -1 -e inakuonyesha kurasa za mwisho za jaribio lililotangulia. Usijaribu kuelewa kila kitu. Tazama tu limeishaje. Kama mwishoni huduma zinafungwa kwa utaratibu, kuna programu iliyoagiza mashini ijiwashe upya. Kama maandishi yanakatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo, rudi kwenye vyuma na stima.

Ukiamua kumpelekea fundi

Hakuna aibu. Lakini toa diski ubaki nayo, kama shida ni ya vyuma. Fundi hahitaji diski yako kukagua RAM wala pawa saplai. Daftari lako lina majina na nambari za simu za wateja, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 wewe ndiye mwenye jukumu la kuzilinda, si fundi. Kama lazima aende na diski, andikianeni kwamba hafuti bila idhini yako. Neno "sawa" la kwenye kelele za barabara halitoshi.

Na kuna jambo moja linalotukera sana. Habari zikisambaa mtaani kwamba mashini yako imegoma, usishangae kupigiwa simu na mtu anayejiita wa kwetu: "Mama, mfumo wako umekatika, tupe PIN tuunganishe Till." Till yako haijaunganishwa na kompyuta yako kwa PIN. Hatuombi PIN, hatuombi ile kodi inayokuja kwa SMS, hata kama kompyuta inawaka moto. Kata simu.

Tukirudi Githurai: kibao cha pili cha RAM ndicho kilikuwa kibovu. Kabla ya saa sita mashini ilikuwa imewaka na kibao kimoja, polepole kama matatu ya jioni pale Roysambu, lakini imetulia. Diski haikuwahi kuwa na kosa. Miezi minane ingefutwa bure, na kwa RAM ile mbovu hata Ubuntu mpya isingewekeka vizuri. Kijana alilipwa kazi yake, na daftari likanakiliwa kwenye flashi na kwenye barua pepe ya mama siku hiyo hiyo.

Kilichobaki ni pengo la asubuhi ile. Omba taarifa ya miamala ya Till yako ya siku hiyo, iweke kando ya kitabu chako, linganisha kodi moja moja. Iliyoko pande zote mbili, weka tiki. Iliyoko kwenye taarifa lakini haiko kitabuni, ni mteja aliyelipa ukiwa umeinama chini ya meza na bisibisi. Mpigie umuulize alilipia nini. Iliyoko kitabuni lakini haiko kwenye taarifa, soma ule ujumbe tena kwa makini, kwa sababu huenda haukutoka kwetu. Mama alipata mmoja wa namna hiyo, wa shilingi 850.